Vilima Vitano vya Verdiane

Kwenye foni, hii redio ya kuitana, kuna adabu, na mtu asiye na adabu ya foni mimi simjibu. Kwanza unasalimu. Unauliza kama mwenzako amelala vizuri, kama watoto wapo, kama ng'ombe wapo. Ndipo unasema lililokuleta. Ukimaliza unashukuru, unaaga, unafunga. Nimekaa mbele ya redio hii miaka kumi na mmoja, katika duka aliloniachia marehemu mume wangu hapa Walikale, na nimewanyamazia hewani rubani mmoja mzungu, padri mmoja na tajiri mmoja wa mawe kwa kosa lile lile. Walianza na shida zao kabla ya salamu. Walinisema vibaya, lakini kesho yake walisalimu.

Jina langu ni Wivine. Sisi ni watu wa Butembo, tulishuka huku kwa biashara ya chumvi, sabuni na batri. Ndege za mizigo hapa kwetu hutua barabarani, juu ya lami, kwa kuwa uwanja mwingine hatuna. Filimbi inapulizwa, pikipiki na mbuzi wanaondolewa njiani, ndege inatua, inabeba mifuko ya mawe kutoka machimbo ya Omate, inaondoka. Ila ili ifike lazima ipite juu ya milima ya Masisi, na milima ile asubuhi hupenda kujifunika. Rubani asiyejua hali ya huko anaweza kukutana na mlima uso kwa uso. Kwa hiyo kila siku, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa ninamwita Verdiane.

Verdiane anakaa juu ya Karuba na kazi yake ni kutengeneza fromaji, yaani jibini. Foni aliachiwa na chama cha wafugaji kilichokufa. Mambo ya hali ya hewa hakuyasomea popote. Alichokuwa anafanya ni kusimama mlangoni na kuhesabu vilima: cha kwanza chenye mikaratusi, cha pili chenye kanisa, cha tatu chenye malisho, cha nne chenye antena, na cha tano ule mgongo wa mbali unaotazama kwetu. Akiona vitano, njia ni nyeupe. Akiona vitatu, rubani mzoefu anapita. Akiona kimoja, kila mtu akae kwake anywe chai. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna ndege hata moja iliyoguswa na mlima katika zile zilizomsikiliza.

Sura yake sijawahi kuiona. Nilimjua kwa sauti, na kwa fromaji aliyonitumia kwa mkono wa mdogo wangu Muhindo, dereva, wakati njia ilipokuwa inapitika. Nilijua pia kwamba bati lake lina tundu juu ya meza ya foni, na mvua ikinyesha maji hudondokea ndani ya bidoni tupu, dumu lake la maziwa. To. To. To. Nilimtania sana kwa hilo.

"Mama Verdiane, usijisumbue kuhesabu. Bidoni yako imekwisha kunielezea."

"Nyamaza, weye. Siku Muhindo analeta bati, njo siku bidoni itanyamaza."

Bati halikufika. Wapiganaji walichukua Karuba, barabara ikafungwa, na lori la Muhindo likachomwa moto likiwa na mzigo wangu. Yeye mwenyewe alitembea msituni siku nne, akafika nyumbani miguu imevimba. Watu wengi wa vile vilima walikimbilia kambi ya Lushebere. Verdiane alibaki. Alisema ng'ombe hawajui kukaa kambini. Na binti yake Murekatete, aliyekuwa na mimba, alibaki naye kukamua kule malishoni, kilima cha tatu. Ninayasema haya mapema ili ijulikane kwamba wale wapiganaji niliwachukia kwa moyo wote, na hiyo chuki ilinisaidia kufanya niliyoyafanya.

Kapiteni alikuja siku ya soko. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, viatu vyake safi kupita kiasi katika matope yetu. Alisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, akakubali chai. Nikampenda kidogo.

Alinieleza kwamba alitumwa na kikosi kipya cha ndege za vita. Zile za zamani zilikufa moja moja, kwa kukosa tairi, kwa kukosa mafuta, na nyingine nyasi ziliota mpaka kwenye mbawa.

"Inchi kubwa namna hii," alisema, "na ndege zake za vita zilibakia kama za kainchi ka watu elfu kumi. Sasa tunaanza tena. Ndege tuko nazo. Rubani tuko naye, alifunzwa inje. Kitu hatuna ni macho."

Zamani jeshi lilikuwa na vituo tisa vya kutazama hali ya hewa. Kapiteni alivizunguka vyote. Katika cha kwanza kisanduku cha kipimajoto kilikuwa kimekuwa nyumba ya kuku. Katika kingine mpimaji alikufa miaka mingi iliyopita, na mjane wake bado alikuwa anaandika mvua kwenye daftari kila siku, bila kujua anamwandikia nani. Na wiki iliyopita, rubani wao huyo mmoja aliingia kwenye wingu juu ya Masisi na kuona miti mbele ya kioo. Alipona kwa urefu wa nyumba.

"Marubani wa mizigo wananiambia iko mama moja kule juu anahesabu vilima," alisema Kapiteni. "Na asipokuwa Mama Wivine, hajibu muntu."

Nilijisikia mkubwa. Nilikubali kabla hajamaliza chai.

"Ila yeye asijue ni ya nini," aliongeza. "Hii foni kila muntu anaisikiliza, na wale nabo banaisikiliza. Akijua, sauti yake itageuka, na bo batajua. Wewe uliza tu kama kila siku."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema. Mimi nilidhani nimeulinda ulimi. Nilijiambia ninamlinda Verdiane, na nusu ya hilo ni kweli.

Asubuhi ya kwanza alihesabu vitano. Nikampa Kapiteni namba. Haikupita nusu saa Verdiane akaniita tena.

"Mama Wivine, jambo tena. Weye, ile kilima ya ine iko na moshi. Ndege imepita hapa, nyumba yote imetetemeka. Fromaji imeanguka chini."

"Pole, mama. Umeumia?"

"Apana. Ni pale kwa antena, kwenye wale ba bunduki balikaa. Sijui ile ndege ilijuaje."

Nilizima foni nikacheka peke yangu. Nilimpa fundi wa viatu wa jirani soda ya bure. Muhindo, aliyekuwa bado anachechemea, alipiga makofi mara mbili, akasema mzigo wetu umelipiwa. Hivi ndivyo tulivyokuwa siku ile, na sitajifanya mwingine.

Ikaendelea hivyo. Palipokuwa na vilima vitano, ndege ilikuja. Palipokuwa na viwili, haikuja. Kapiteni akawa anakuja dukani kila asubuhi, anakaa kwenye gunia la chumvi na daftari lake gotini, anasikiliza mwenyewe. Na mimi, siku baada ya siku, nikaanza kulala vibaya. Nilikuwa ninaamka kabla ya majogoo na kutoka nje kutazama juu, kana kwamba anga ya Walikale inaweza kuniambia neno la anga ya Karuba. Nilianza kuomba mawingu. Nilikuwa nimesahau kwamba moto hauchagui nyumba, na kwamba kila asubuhi mtu anayeiita ndege juu ya vile vilima ni mwenye vilima.

Siku ya tisa Verdiane alikuwa na maneno mengi. Ukikaa peke yako na ng'ombe, foni inakuwa jirani.

"Wale ba bunduki banaogopa ndege sasa. Banatoka kule kwa antena, banashuka ku kilima ya tatu. Banalala mule mwa kibanda ya ng'ombe."

"Kwa Murekatete?" niliuliza.

"Njo. Banakunywa maziwa yote. Nitatengeneza fromaji na nini, na maji?"

Nilisikia kalamu ya Kapiteni ikitembea kwenye karatasi. Swali lilikuwa langu, jibu lilikuwa la mama mtu, na kalamu ilikuwa inaandika. Verdiane alipokwisha kuaga, niligeuka.

"Kapiteni, pale kilima cha tatu kuna mutoto wake. Iko na mimba ya miezi saba."

"Nimesikia, Mama. Tutaangalia."

"Mutaangalia namna gani, na ndege inapita kama jiwe?"

Hakukasirika. Alifunga daftari akasema kwamba wale watu wako siku mbili mbali na Walikale, na kwamba wakifika hapa hawatauliza nani ana mimba. Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, kwamba alikuwa anasema kweli.

Sikulala. Asubuhi nilikaa mbele ya foni, Kapiteni juu ya gunia lake. Nilisalimu. Verdiane alisalimu. Nikatafuta njia ya kupita.

"Mama Verdiane, nimefikiri ju ya Murekatete. Ashuke Lushebere. Kule kambini iko muzalishaji."

"Atashuka. Siku ya posho, kama mupango inaenda muzuri."

"Ashuke leo."

"Leo? Leo iko nini?"

Nilimtazama Kapiteni. Alitikisa kichwa, polepole. Nilifikiri: nikisema, wapiganaji watasikia, watajua kwamba ni yeye aliyekuwa macho ya ndege siku zote hizi, na hawatampa hata nafasi ya kufunga mlango. Nikinyamaza, labda rubani atakosa, labda Murekatete yuko mtoni, labda wingu litapanda. Mwoga hupenda sana neno labda.

"Hakuna kitu," nilisema. "Ju ya ile tumbo tu."

"Weye unaogopa kama ni wewe unazaa. Andika: vilima tano. Yote tano, dada. Leo mbingu iko muzuri, hata sindano ungeiokota."

Alisema kwa majivuno, kama siku zote mbingu inapokuwa safi, utadhani ameifagia yeye. Aliaga. Kapiteni alitoka nje na simu yake. Ningeweza kumkimbilia, kumwangusha kwenye matope, kuitupa simu. Nilibaki nimekaa. Nilimuuzia mtu batri mbili.

Nusu saa baadaye foni ililia, na haikuwa sauti ya Verdiane. Ilikuwa sauti ya kijana, na nyuma yake mngurumo.

"Mama wa vilima, jambo. Mama wa vilima, unanisikia? Ni mimi wa ndege. Habari ya nyumbani?"

Kapiteni, aliyekuwa amerudi kukaa, aliruka kutoka kwenye gunia. Hakuna aliyemwamuru rubani kufanya hivyo. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, marubani wa mizigo walimfundisha adabu ya foni yetu, na kwa siku kumi mwanamke fulani alikuwa amemwokoa asigonge milima. Aliona vibaya kuondoka bila kushukuru.

"Nilitaka kusema aksanti," alisema. "Bila wewe ningekwisha kufa. Leo pia uliona muzuri, kazi yetu imetoka sawa. Mungu akubariki wewe na batoto yako. Siku njema, mama."

Na akafunga, kama inavyotakiwa.

Masafa yote yalinyamaza. Kwa kawaida saa ile kuna watu wa Omate wanaoagiza mafuta, kuna masista wanaoulizana dawa. Siku hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilimwita Verdiane mara moja, nikamwita tena. Alibonyeza kitufe, kwa sababu nilisikia pumzi yake, lakini hakusema. Halafu hata pumzi ikakatika.

Kapiteni alikuwa ameshika kichwa. "Pumbavu," alisema, "pumbavu mwenye adabu."

Kesho yake Verdiane hakujibu. Kesho kutwa pia. Niliita kila saa mpaka batri ikaishiwa nguvu, nikaunganisha nyingine kutoka rafuni. Nilijua sababu inaweza kuwa moja kati ya mbili: ama wapiganaji wamesikia shukrani ile na wamekwenda kwake, ama kuna jambo kilima cha tatu. Sikujua niombe ipi. Sikula. Watu walikuja kununua chumvi nikawapa sabuni.

Siku ya pili jioni Muhindo alirudi kutoka sokoni na fimbo yake, akakaa bila kusalimu. Alikuwa amekutana na wachuuzi waliopita kwa miguu upande wa Masisi. Wapiganaji waliondoka kilima cha tatu usiku, kabla ya ndege kuja. Waliokuwa kibandani asubuhi ile ni ng'ombe sita na Murekatete, aliyekuwa anakamua. Walimzika chini ya kanisa, yeye na aliyekuwa tumboni, kaburi moja. Na Verdiane alikuwa hai. Wapiganaji walikuwa njiani, hakuna aliyesikiliza foni. Siri yake ilikuwa salama.

Nililia mpaka nikaishiwa sauti. Halafu nikaanza kupiga hesabu, maana akili ikipata msiba hupenda kuhesabu. Bomu lilianguka, mama mtu akasimama mlangoni akaona moshi kilima cha tatu. Na dakika ile ile, mezani kwake, sauti ya kijana ikamwambia leo pia uliona muzuri. Mungu akubariki wewe na batoto yako.

Asubuhi ya tatu Kapiteni alikuwa kwenye gunia. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alikuwa amesikia. Lakini wapiganaji walikuwa wamefika siku moja kutoka kwetu, rubani alikuwa ndani ya ndege, injini imewashwa, na alihitaji namba. "Uliza mara moja ya mwisho," alisema. "Asipojibu, atapita hivyo hivyo ao atabaki, nitaona."

Saa kumi na mbili na nusu niliita. Nilisalimu. Foni ikajibu hapo hapo, kana kwamba alikuwa amekaa anangoja.

"Tano."

Hakusalimu. Katika miaka kumi na mmoja ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama Verdiane," nilisema, "pole. Pole sana, mama yangu. Nimesikia ya Murekatete."

"Nimesema tano. Vilima yote tano. Mwambie akuye." Sauti yake ilikuwa kavu, imenyooka kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine. "Ni ule kijana, njo atakuya? Ule wa aksanti?"

"Njo yeye."

"Muzuri. Mwambie mbingu iko safi. Apite chini kabisa, aone muzuri."

Kapiteni aliandika tano. Tayari alikuwa amesimama, simu mkononi. Kwa masikio yake hapakuwa na kitu kingine. Foni zote hukwaruza, na mkwaruzo wa foni kwa mtu asiyeuzoea ni kelele tu.

Lakini mimi nilisikia. Nyuma ya maneno yake, nyuma ya mkwaruzo, polepole, kwa mpigo ule ule ninaoujua kama mlango wa nyumba yangu. To. To. To.

Bidoni ilikuwa inajaa. Juu ya Karuba ilikuwa inanyesha. Hakukuwa na vilima vitano. Pengine hakikuwepo hata kile chenye mikaratusi, na mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya kuhusu mbingu alikuwa anamwita kijana wa watu aje chini kabisa, aone vizuri, mpaka auone mlima.

Sitasema kwamba nilimhurumia rubani mara moja. Kwanza nilifikiri, ana haki. Nilimwona Kapiteni anafika mlangoni. Nilifikiri, kaa kimya, Wivine. Wewe ni hodari wa kukaa kimya, kaa tena mara moja, safari hii kwa ajili yake. Halafu nikafikiri kwamba kesho Verdiane ataamka na kuwa mtu aliyeua, na hatakuwa na wa kumpelekea fromaji wala neno, na mimi nitakuwa nimemnyima kwa kimya changu kitu cha pili, baada ya mtoto wake.

Nilibonyeza kitufe, hewani, mbele ya masafa yote.

"Mama Verdiane. Ninasikia bidoni."

Kapiteni aligeuka mlangoni. Alinitazama, akaitazama foni, akatega sikio, na yeye akasikia. Alitoka mbio kwenye matope, akipiga kelele kwenye simu kwamba ndege isiondoke, isiondoke, injini izimwe.

Nilibaki peke yangu na yale matone. Verdiane alikuwa ameshikilia kitufe, hakukiachia. Nilimsikia akilia, na kulia kwake hakukuwa na sauti kubwa, kulikuwa kwa mtu aliyechoka.

"Iko mvua," alisema mwishowe. "Tangu juzi iko mvua."

"Ninajua."

"Wivine." Aliacha kuniita Mama. "Siku ile unasema ashuke leo. Ulikuwa unajua?"

Kwenye foni mtu akikuuliza lazima umjibu. Usipojibu, mwenzako hawezi kujua kama hukusikia, kama batri imekufa, au kama wewe ni mtu wa namna gani. Ningeweza kuivuta waya, nikasingizia batri. Mkono wangu ulifika mpaka kwenye waya.

"Nilikuwa ninajua," nilisema.

Bidoni ilidondokewa mara saba, nilihesabu. Kisha Verdiane akafunga bila kuaga, na tangu siku hiyo ninafungua foni kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, ninasalimu, na ninangoja.